Kabla ya kutupia vimoto, omba picha aliyochorea

Kwenye kundi letu la WhatsApp la wachora penseli, mtu akituma kazi saa tatu usiku, saa tatu na nusu haijafika ameshajaziwa vimoto (zile emoji za moto), makofi na "we kaka ni mashine". Sina ugomvi na pongezi. Aliyeinamia karatasi ya manila tangu asubuhi anastahili hongera yake. Ila wengi wetu tunakula kwa oda, na mteja wa hapa Mwanza hana habari na vimoto. Anaiangalia picha, anairudia, kisha anauliza, "Mbona hafanani na mama?" Heri swali hilo litoke kwetu kabla fremu haijanunuliwa.

Halafu wapo wanaojiita wasema kweli. Huyo anaandika "jicho limekaa vibaya" na kuondoka zake. La kushoto au la kulia? Limepanda, limeshuka, limezidi ukubwa? Mchoraji anabaki anasugua raba mpaka karatasi inaota manyoya, na mara nyingi jicho lenyewe halina kosa. Kilichokosewa ni kichwa. Anayeanza kuchora huyapandisha macho juu mno, kwa kuwa paji la uso na nywele huviona kama hapana kitu. Pima kutoka utosini hadi kidevuni: kwa mtu mzima anayetazama mbele, macho hukaa karibu na katikati. Ukimwambia mtu "shusha mstari wa macho kidogo, fuvu lipate nafasi", amepata kitu cha kufanya usiku huohuo.

Hata hilo silisemi kabla sijaomba picha aliyochorea, yaani ile ya kamera aliyokuwa akiitazama. Kuna dogo alileta sura ya shangazi yake: pua imejaa, masikio yamepotelea nyuma. Watu walicheka, mmoja akauliza kama shangazi ana mafua. Nikamwambia dogo atuwekee picha ya mwanzo. Kumbe ni selfi, simu imeshikwa puani kabisa! Kamera ikikaribia uso hivyo, kilicho mbele hukuzwa na kilicho nyuma husinyaa. Dogo alikuwa amenakili kwa uaminifu kuliko wengi waliokuwa wakimcheka. Hakuhitaji somo la pua, alihitaji kumwomba shangazi akae karibu na dirisha, mtu mwingine asimame hatua chache mbele yake na kumpiga picha.

Kosa linaweza kuwa pia la ile picha anayotutumia. Karatasi ikiwa mezani na simu imeinamishwa, uso unarefuka au kufupika wenyewe. Ukipiga chini ya taa usiku, penseli inang'aa na sehemu nyeusi zinaonekana kijivu. Huyo namwomba apige tena mchana, simu ikitazamana sawasawa na karatasi, ndipo tuongee.

Ninalolisema mara nyingi kuliko yote linahusu ngozi yetu. Mtu akichora Mwafrika mweusi anachukua 6B, penseli laini na nyeusi sana, na kupaka uso mzima, akidhani weusi ndio utakaomfananisha. Matokeo yake tundu za pua, mboni na mstari wa kati ya midomo, vilivyotakiwa kuwa vyeusi kuliko vyote, havina pa kwenda. Hapo "umemtia masizi" (limeshaandikwa, nimeliona) ni tusi kwa mchoraji na kwa aliyechorwa. Mimi huandika hivi: "Ngozi nyeusi huakisi mwanga kwa ukali. Acha karatasi ipumue kwenye paji, mgongo wa pua, shavu na mdomo wa chini. Anza na penseli zisizo nyeusi hivyo, HB au 2B, 6B iweke akiba mpaka mwisho." Na asijaribu kuokoa jahazi kwa kupaka mkaa juu ya penseli iliyokandamizwa, maana haushiki vizuri.

Kwa kazi moja nasema jambo moja, labda mawili. Ukimpa mtu orodha nzima, ataifunga simu. Na nikiona mahali palipokaa vizuri napataja kwa jina, kwamba kivuli cha chini ya kidevu kimeishikilia shingo, kwa mfano. Si kwa ajili ya kupaka asali. Asipojua kilichomfaulia, safari ijayo atakibadilisha.

Kuna siku dada mmoja alileta ndege wa Tingatinga, akaangukiwa na timu uhalisia: miguu myembamba, hakuna kivuli, shingo haiko hivyo. Hapo nilikasirika. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, alipaka rangi za kung'aa juu ya vipande vya ubao, na mtindo uliobeba jina lake haukuwahi kuahidi kufanana na picha ya kamera. Huwezi kumdai taarab mpiga mdundiko. Kazi ile ilikuwa na la kusemwa, tena zito: rangi ya chini haikuwa imekauka vizuri kabla ndege hajapakwa, ndiyo maana kingo za mabawa zimechafuka, na madoa yanapoteza mpangilio kadiri yanavyoshuka mkiani. Dada alijibu kwamba alikuwa na haraka ya kuwahi maonyesho. Tukaelewana.

Jambo linalonikera bado ni watu kuchukua kazi ya mwenzao, kuichorea mistari myekundu kwenye simu na kuirusha kundini. Mistari inasaidia kweli, mimi mwenyewe naitumia, ila namfuata mtu pembeni nimwombe ruhusa, na namtumia yeye peke yake. Akitaka kuionyesha kwa wengine, hiari yake.

Na siku hizi nauliza pia kama oda imeshachukuliwa. Picha ya marehemu ikiwa tayari imetundikwa sebuleni kwa wafiwa, habari za kushusha macho hazina maana tena. Nampa hongera, namuuliza alilipwa shilingi ngapi, maana huko nako tunapunjana sana, na ushauri wangu unangoja kazi yake ijayo.