Kuku mbichi haoshwi, anapikwa

Ukimwosha kuku mbichi chini ya bomba, bakteria hawafi, wanahama. Matone yanarukia kingo za sinki, mpini wa bomba, sahani zilizoanikwa na saladi iliyo karibu. Nyama itapita motoni, saladi haitapita. Kampilobakta, bakteria wanaopatikana sana kwenye kuku mbichi, wanahitaji seli mia chache tu kumharisha mtu, kiasi kinachotosha kwenye tone lisiloonekana. Ndiyo maana naona kuosha kuku ni hatari kubwa kuliko uchafu unaokusudiwa kuondolewa.

Damu au manyoya yaliyobaki yafute kwa karatasi ya jikoni, itupe papo hapo, kisha nawa mikono kwa sabuni sekunde 20. Kama huna budi kuosha, tumbukiza nyama taratibu kwenye beseni la maji yaliyotulia, umwage polepole, halafu sugua sinki kwa sabuni na kulipitishia dawa ya klorini. Sabuni itangulie, maana klorini hupoteza nguvu ikikutana na mafuta na damu.

Joto ndilo linaloua. Chomeka kipimajoto sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa: kikifika nyuzi 74 za Selsiasi, kuku ameiva. Rangi inadanganya. Mifupa ya kuku mchanga bado ina vitundu vingi, hivyo rangi ya uboho huvuja na nyama ya jirani hubaki nyekundu hata ikiwa imeiva. Kinyume chake, kidari huweza kuwa cheupe kabla joto halijatosha. Kosa la kawaida ni kumpika kuku ambaye barafu haijaisha ndani: ngozi inaungua huku kiungo cha paja kikiwa bado baridi. Kuku mzima wa kilo 2 aachwe kwenye friji siku nzima ayeyuke, awe kwenye bakuli rafu ya chini kabisa.

Mayai nayo yana shida yake na maji. Ganda lina maelfu ya vitundu vilivyofunikwa na utando mwembamba. Kuosha kunauondoa, na maji ya baridi hufanya kilichomo kisinyae na kufyonza maji pamoja na bakteria. Yai lenye vumbi lifute kwa kitambaa kikavu. Lenye ufa litupe.

Ganda safi pia si dhamana, kwa kuwa salmonela (bakteria wengine wa kuharisha) wa aina ya Enteritidis huingia kutokea kwenye ovari ya kuku kabla ganda halijaumbwa. Ute wa yai bichi una vimeng'enya vinavyowadhoofisha na protini inayowanyima madini ya chuma, lakini yai likikaa kwenye joto, utando wa kiini hulegea na chakula kinawavujia. Hapo huongezeka haraka. Weka mayai mahali pa baridi isiyobadilika. Yakishaingia kwenye friji yasitolewe na kurudishwa, kwa sababu hutoa jasho, na unyevu huo huwapitisha bakteria kwenye ganda. Pika hadi ute na kiini vigande. Kwa mayonezi, tumia mayai yaliyopasteurishwa, yaani yaliyopashwa joto la kuua bakteria bila kuyaivisha.