Ninavyopanga malengo ya uandishi kila mwaka mpya

Tarehe 1 Januari sipangi lengo lolote. Siku hiyo mtu ana ari ya kuahidi riwaya, diwani ya mashairi na hadithi fupi kila mwezi, zote kwa mpigo. Mimi kwanza natumia siku za mwisho za Desemba kusoma nilichofanya, na malengo yanakuja baadaye, pilikapilika za sikukuu zikishapungua.

Nasoma daftari. Ni la kawaida tu, lenye safu nne nilizochora kwa rula: tarehe, saa niliyoanza, nilichoandika, na kilichonisimamisha. Hiyo ya nne ndiyo yenye siri zote. Humo kuna "wageni", "usingizi", "simu", na mara nyingi mno kuna "sijui mwisho wake". Nisingeandika papo hapo, Desemba ningejidanganya kwamba muda ndio uliokosekana.

Mapitio ya mwaka juzi ndiyo yaliyobadilisha namna yangu ya kupanga. Kwa hesabu ya maneno nilikuwa vizuri sana: kurasa mpya tele, rasimu za kwanza zimerundikana. Lakini kazi zilizokamilika zilikuwa chache za kutia aibu. Nilipofuatilia ile safu ya nne nikaona kazi karibu zote zinalala mahali pamoja, siku ya kurudi kuhariri. Naifungua rasimu, naona mhusika wa pili hana kazi yoyote, nachoka, naanza hadithi nyingine. Na hiyo nyingine inaniongezea maneno, kwa hiyo lengo langu linanipongeza!

Sisemi kuhesabu maneno hakufai. Anayeandika rasimu ya kwanza hana kipimo kizuri kama hicho: maneno 300 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 50, ni maneno 75,000, na hiyo ni riwaya nzima. Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza wa karne ya 19 aliyekuwa pia mtumishi wa posta, aliketi mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa ikiwa mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa. Wengi hukomea hapo wakimsimulia. Mimi kilichonigusa ni kwamba nusu saa ya kwanza aliitumia kusoma alichoandika jana yake. Tena alikuwa na mtumishi aliyelipwa ziada ili amwamshe, jambo ambalo wengi wetu tutabaki kulitamani.

Basi lengo langu kuu likawa kumaliza: nisianze hadithi mpya kabla ya kuikamilisha moja ya zamani. Kukamilisha maana yake imehaririwa, imesomwa kwa sauti hadi mwisho, na imetumwa kwa mhariri. Neno "kuchapishwa" nimeliondoa kwenye malengo kwa sababu uamuzi huo si wangu. Kutuma ni juu yangu. Akikataa, lengo limetimia vilevile, ingawa siku hiyo siwi na raha.

Kungoja Desemba nyingine pia nimeacha. Mwisho wa Machi, Juni na Septemba nafungua daftari kwa saa moja hivi, na lengo linaloonekana kunishinda nalipunguza au nalifuta. Machi iliyopita nilifuta la kuandika kila siku, maana daftari lilionyesha kuwa Jumatatu na Jumanne sipati kitu cha maana hata nikikaa. Saa hizo nikazihamishia Jumamosi asubuhi, kwa kuhariri tu.

Zile rasimu zilizorundikana nimezipitia moja moja. Baadhi zimepata mwisho na zimetumwa. Nyingine nimezistaafisha rasmi: nimeandika "basi" juu ya ukurasa wa kwanza, nikazitoa kwenye orodha.