Panya wa maabara hakuanguka mnazini

Mgema akiteleza mnazini, iwe Likoni au Kisauni, huanguka na uzito wake wote. Pingili ya mgongo ikipasuka, kipande cha mfupa huweza kusukumwa ndani na kuubana ugwe mgongo, yaani ile kamba ya neva ipitayo katikati ya pingili. Utabaki umebanwa hivyo mpaka apatikane daktari wa kuufungulia nafasi, na kwa mtu aliyeangukia shamba la mbali hilo si jambo la dakika. Panya wa maabara mambo yake ni mengine. Amelazwa kwa nusu kaputi, mfupa wa nyuma wa pingili umeshatolewa, ugwe unagongwa kufumba na kufumbua, kisha unaachiwa nafasi ya kuvimba. Kwa hiyo nikisoma kwamba dawa fulani imewarudisha panya kutembea, swali langu la kwanza ni moja: waliumizwaje?

Kugonga ndiyo njia kongwe. Mwaka 1911 Alfred Reginald Allen wa Marekani alidondosha vyuma juu ya ugwe wa mbwa, akapima pigo kwa gramu kuzidisha sentimita. Hesabu hiyo inadanganya. Gramu 10 kutoka sentimita 50 na gramu 50 kutoka sentimita 10 zote ni 500, lakini chuma cha kwanza kinafika na kasi zaidi ya maradufu, na tishu laini kama ugwe huumia kwa kadiri ya kasi pia. Ndiyo maana mashine za baadaye ziliweka vipimo visivyobadilika. MASCIS hudondosha fimbo ya gramu 10 kutoka milimita 12.5, 25 au 50. Infinite Horizon haidondoshi kitu: inasukuma ncha hadi ifikie nguvu uliyoipanga, kisha inairudisha. Kwa panya mkubwa (rat kwa Kiingereza) nguvu ya kawaida ni kilodaini 150 hadi 200, yaani nyutoni 1.5 hadi 2.

Kazi yenyewe huenda hivi. Panya jike wa gramu 200 hadi 250 hulazwa kwa isofluraini, dawa ya usingizi ya kuvuta, takriban asilimia 4 kumlaza na 2 kumdumisha. Pingili huhesabiwa kwa kidole kuanzia ubavu wa mwisho, ambao ni wa pingili ya 13 ya kifua. Misuli hubanduliwa, mfupa wa nyuma wa pingili ya 9 au ya 10 hung'ofolewa kidogo kidogo kwa koleo dogo, na utando wa dura unaofunika ugwe hauguswi kabisa. Pingili za juu na chini hushikwa kwa vibanio, ncha ya milimita 2.5 hushushwa katikati, ndipo pigo. Mkia na miguu ya nyuma hushtuka, na doa jekundu huonekana papo hapo.

Hapa ndipo majaribio mengi huharibika bila mtu kujua. Kibanio kikiwa kimelegea, mgongo mzima unazama na ugwe unapata pigo pungufu, ingawa mashine imeandika nguvu ileile. Tundu likiwa jembamba, ncha inagonga ukingo wa mfupa. Mchoro wa nguvu huonyesha hilo: badala ya kilele kimoja laini unaona kigongo kabla yake. Panya huyo atolewe, na kanuni ya kumtoa iwe imeandikwa kabla ya jaribio, si baada ya kuona amepona vizuri mno.

Joto nalo. Watu hudhani Mombasa mnyama hawezi kupoa. Maabara ina kiyoyozi cha nyuzi 22, na panya aliye usingizini hawezi kujipasha. Bila kitanda cha joto cha kumweka kwenye 37 anashuka haraka, na baridi yenyewe huukinga ugwe, hivyo kundi lililopoa litaonekana limetibiwa. Umeme ukikatika kwa muda mrefu shida inageuka: joto na unyevu wa Pwani hupandisha harufu ya amonia kwenye vizimba na kuotesha kuvu kwenye chakula. Bila jenereta usianze.

Baada ya kushona hupewa mililita 5 za maji ya chumvi yaliyopashwa moto chini ya ngozi, na buprenofini ya kutuliza maumivu, miligramu 0.05 kwa kilo kila saa 12. Kinachofuata ndicho kinachowashinda wengi: kibofu. Panya hawezi kukojoa, hivyo lazima akamuliwe kwa vidole mara 2 au 3 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa wiki moja au mbili mpaka kibofu kianze kujiendesha. Ukibana kwa nguvu kinapasuka. Ukiacha mkojo ndani, maambukizi yanamuua. Majike hupendelewa kwa sababu mrija wao wa mkojo ni mfupi na hukamulika kwa urahisi.

Kutembea hupimwa kwa kipimo cha BBB cha mwaka 1995, kuanzia 0 hadi 21. Watu wawili wasiojua nani kapewa dawa humtazama panya kwa dakika 4. Alama hizi ni ngazi, si rula. Kutoka 8 kwenda 9 panya anaanza kubeba uzito wake kwa miguu ya nyuma, hatua kubwa sana. Kutoka 19 kwenda 20 hata mtazamaji mzoefu anabishana na mwenzake. Wastani wa kundi ukiupokea bila kuona kila panya alipofika, umepokea kitu kidogo.

Wanyama wengine nao wana yao. Jeraha la panya mdogo (mouse kwa Kiingereza) halifanyi uwazi wenye maji kama la binadamu, linajaa kovu. Na kwa panya wote, njia kuu ya amri za ubongo hupita upande wa nyuma wa ugwe, wakati kwetu hupita ubavuni. Nguruwe wadogo wa Yucatan wana ugwe unaokaribia wetu kwa ukubwa, ila gharama yao si mchezo.

Kwa jeraha la mgema, mimi ningeanza na kibanio cha watafiti Rivlin na Tator cha mwaka 1978. Hupitishwa kuzunguka ugwe bila kuchana dura na kuachwa kimebana, kwa kawaida dakika moja, kwa nguvu ya gramu 35 au 50. Hakihitaji mashine ya bei, ila springi huchoka, hivyo kipimwe upya mara kwa mara. Wapo pia waliokwenda mbali zaidi: mwaka 1999 watafiti waliwagonga panya, wakaweka vipande vya kubana mfereji upitamo ugwe na kuviondoa baada ya saa 2, 6, 24 au 72. Kadiri kipande kilivyokaa, ndivyo panya walivyopona kidogo.