Karatasi za Darfur, Kisumu hadi Bungeni

Matatu ilitoka Kisumu saa kumi na moja alfajiri. Bahasha tuliipakata, haikwenda kwenye buti. Ndani mlikuwa na ombi kwa Bunge la Taifa kuhusu mauaji ya kimbari Darfur, magharibi mwa Sudan, na wino wa dole gumba hukauka polepole: karatasi zikibanwa, alama ya mmoja hujichapa kwa mwenzake. Kanuni za Bunge hazikubali saini iliyobandikwa wala kuhamishwa.

Kericho, mvua ikigonga vioo, tulikagua upya. Karatasi moja ilikuwa imefutwafutwa, nyingine haikuwa na mada ya ombi juu yake. Kuijazia mada baada ya watu kutia saini ni kuchezea hati, basi zote mbili zikatupwa. Tuliposhuka Nakuru tulianza upya hapo steji: jina, anwani, nambari ya kitambulisho, saini. Nambari ndiyo huwaponza watu. Wengi huiandika kwa kichwa na kuruka tarakimu, afadhali kitambulisho kitolewe mfukoni.

Ugumu wenyewe uko kwenye kile unachoomba. "Tunaomba mauaji yakome" halina mashiko. Bunge letu haliwezi kunyamazisha bunduki El Fasher, mji wa Darfur uliotekwa Oktoba 2025 na RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi la Sudan. Lakini RSF na washirika wao walitia saini mkataba wa kuunda serikali yao papa hapa Nairobi Februari 2025, wiki chache baada ya Marekani kutangaza, tarehe 7 Januari, kwamba kundi hilo limetenda mauaji ya kimbari. Hapo Bunge lina la kufanya. Tuliomba Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Uhusiano wa Kigeni imwite waziri aeleze wageni hao walikaribishwa kwa msingi gani, na Sheria ya Makosa ya Kimataifa ya 2008 itumike: inamfikia mshukiwa wa mauaji ya kimbari aliyeko Kenya, hata kama aliyatenda nje.

Picha za setilaiti za Darfur zilibaki Kisumu, kwa uchungu. Viambatisho haviruhusiwi. Badala yake ombi lazima liseme ofisi gani ilishaendewa ikajibu nini, na kama kuna kesi mahakamani.

Nairobi tuliingia mchana. Karani wa Bunge ana siku 7 za kulikagua ombi. Likishasomwa Bungeni na kupelekwa kwa kamati, nayo ina muda wake wa kujibu. Siku hizo huwezi kuzidai bila tarehe, kwa hiyo tulikwenda na nakala mbili, na hatukuondoka dirishani hadi ya pili ilipogongwa muhuri.