Kamera za banda la ng'ombe la mama: kumbukumbu ya mradi wangu

12 Aprili

Leo nimepima. Kutoka ukuta wa jiko la mama hadi mlango wa banda la ng'ombe ni mita 170, na kamba imepita kwenye migomba mwanzo mwisho. Nyumba iko juu, banda liko bondeni karibu na kijito, kama yalivyo makazi mengi ya huku Tukuyu. Nyumbani kuna umeme wa TANESCO. Bandani hakuna umeme, na wifi hakuna hata nyumbani kwenyewe.

Mwezi uliopita wezi walivunja chumba cha pembeni cha banda, wakabeba bomba la kupulizia dawa na keni mbili za maziwa. Vitu hivyo vinanunulika. Kinachoniuma ni kwamba tangu siku ile mama, mwenye miaka 67, anaamka mara mbili kila usiku, anavaa koti juu ya khanga, anashika tochi na kushuka bondeni peke yake kwenye ukungu na utelezi. Kijana anayemkatia majani analala kwao. Mimi niko Mbeya mjini, kilomita 70 hivi, naishia kupiga simu asubuhi kuuliza kama kumekucha salama.

Kwa hiyo lengo ni moja: mama alione banda akiwa ndani, bila kutoka nje na bila kununua bando.

Niliowauliza karibu wote wamenijibu, "Kama hakuna wifi, kamera haifanyi kazi." Hapa watu wengi wanachanganya vitu viwili. Wifi ni waya usioonekana, basi. Intaneti ni kitu kingine kabisa. Kamera haidai intaneti ili irekodi. Inadai njia ya kufikisha picha kwenye rekoda, kisanduku kinachozihifadhi. Rekoda ikiwa chumbani kwa mama, picha inatoka bandani, inapanda mita 170, inaingia kwenye televisheni yake bila kugusa mnara wowote wa simu. Senti ya bando haihusiki.

19 Aprili

Kabla ya kununua chochote nimejaribu njia ya mkato, kamera ya laini niliyoazimwa na mfanyakazi mwenzangu. Unaweka laini ya simu ndani yake, inatumia 4G yenyewe. Nyumbani ilifanya kazi vizuri. Bandani ikawa inaganda. Nilifungua mipangilio ya simu yangu kuangalia nguvu ya mawimbi, ikasoma -118 dBm. Namba hizi ni hasi, na kadiri inavyosogea karibu na sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. -118 ni kama mtu anakunong'oneza kutoka ng'ambo ya mto.

Hata kama mtandao ungeshika, hesabu isingekubali. Picha ya megabiti 1 kwa sekunde inakula megabaiti 450 kwa saa moja ya kutazama. Mama akitazama saa mbili kila usiku, ni karibu gigabaiti 27 kwa mwezi. Nani atalipa?

Nikafikiria pia zile kamera ndogo za betri zinazoamka zikihisi joto la mwili. Kwa geti zinafaa sana. Kwa banda la ng'ombe hapana: ng'ombe wanne wanacheua, wanalala, wanasimama usiku kucha, na kila mmoja ni jiko la joto. Kamera isingelala, na betri isingemaliza wiki.

26 Aprili

Nimenunua jozi ya antena za masafa ya 5.8 GHz huku Mwanjelwa, Mbeya mjini. Moja inafungwa nyumbani, nyingine bandani, zinatazamana na kuzungumza zenyewe tu. Niliziseti mezani kwanza, na nawashauri wote mfanye hivyo. Zote mbili zilitoka kiwandani na anwani ileile ya mtandao, kwa hiyo ukiziwasha pamoja zinagongana na huingii kwenye hata moja. Niliwasha moja, nikabadilisha anwani, nikazima, ndipo nikawasha ya pili. Ya nyumbani nimeifanya mtoaji, ya bandani mpokeaji, nikabadilisha nywila za kiwandani zote. Mezani zikashikana mara moja.

Kwenye migomba ikawa habari nyingine.

27 Aprili

Siku nzima juu ya ngazi. Usomaji wa kwanza saa tatu asubuhi, mvua ikiwa imetoka kukatika: -81 dBm, na muunganiko unakatika kila baada ya dakika chache. Saa tisa mchana, jua limetoka, bila mimi kugusa kitu: -73. Nilidhani antena ni mbovu. Jioni, baada ya manyunyu, ikarudi -80. Ndipo nikaelewa kwamba tatizo ni majani. Mvua yenyewe kwa umbali huu haina neno kwa masafa ya 5.8 GHz. Maji yaliyokaa juu ya jani la mgomba, na maji yaliyo ndani ya jani na shina, ndiyo yanayoyanywa mawimbi.

Na haitoshi kuona antena ya pili kwa jicho kupitia upenyo wa majani. Mawimbi hayasafiri kama uzi. Yanasafiri kama yai refu lililonyooshwa, jembamba mwisho huku na huku, nene katikati. Kwa mita 170 na masafa haya, katikati ya njia unene wake ni karibu mita 1.5 kila upande wa mstari. Kinachoingia ndani ya yai hilo kinakula nguvu.

Nikamwambia mama tukate migomba sita tu. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, migomba hii ndiyo iliyokusomesha." Nikaacha.

3 Mei

Tumepandisha. Bomba la chuma la mita 6 limefungwa kwenye nguzo ya banda kwa klampu tatu, na antena ya nyumbani nimeihamishia kona ya jiko, ambako ardhi imeinuka zaidi. Bomba nimelifunga waya wa ethi, kwa sababu radi za huku si za kuzichezea.

Kuelekeza kulitaka watu wawili. Kijana wa ng'ombe alikuwa juu bandani, mimi jikoni na simu nikisoma namba, tukipigiana kelele za "kushoto kidogo, simama". Tulipata -68 tukafurahi, nikawa nimeshika spana nikaze. Moyo ukakataa. Antena hizi zina mawimbi ya pembeni, madogo, yanayoweza kukudanganya kuwa umefika kilele kumbe uko kwenye kichuguu. Nikamwambia aendelee kuzungusha hata namba ikiharibika. Ikashuka hadi -77, kisha ikapanda: -65, -59, -54. Hapo ndipo tulipokaza. Asubuhi iliyofuata, majani yakidondosha maji, ilisoma -55. Nimeiandika ukutani jikoni kwa mkaa.

10 Mei

Kamera mbili zimekaa. Moja ndani kwenye kenchi, inatazama ng'ombe wote wanne. Moja nje chini ya mgongo wa bati, inatazama mlango na chumba cha pembeni. Kila moja ina kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 128. Megabiti 1 kwa sekunde ni gigabaiti 10.8 kwa siku, kwa hiyo kadi inatunza siku 11 hivi kabla ya kuanza kufuta za zamani. Rekoda ya nyumbani ina diski ya terabaiti 1, na kwa kamera mbili hiyo ni mwezi mmoja na nusu. Kadi nimeziweka makusudi: mtu akikata waya wa antena, au antena ikifa, kamera zinaendelea kurekodi zenyewe.

Tahadhari moja kwa atakayefuata njia hii. Antena zangu zinapokea umeme wa volti 24 kupitia waya wa mtandao, na swichi nyingi za kamera (visanduku vya kuunganishia nyaya za mtandao) hutoa volti 48 kwenye waya wa sura ileile. Plagi zinafanana, zinaingia bila ubishi, na ukikosea antena inaweza kuungua. Nimefunga utepe mwekundu kwenye kila waya wa 24.

Mama aliketi kwenye kochi, televisheni ikawashwa, ng'ombe wakatokea. Kimya kidogo. Kisha: "Hii inakula bando?" Nikamwambia hapana, mama. "Hata kidogo?" Hata kidogo. "Ndaga fijo." Asante sana, kwa Kinyakyusa.

24 Mei

Kamera ya nje imekufa. Nilikuja mbio nikidhani ni mwizi. Ni maji. Waya unashuka kutoka juu ya bati ukiingia moja kwa moja kwenye kiungio, kwa hiyo kila tone linalofuata waya linaishia ndani yake. Pini zimeota kijani. Nimebadilisha kiungio, nimekiweka ndani ya kisanduku, na waya sasa unashuka chini ya kisanduku kwanza, unajikunja, ndipo unapanda kuingia kwa chini. Maji yanadondokea kwenye mkunjo.

14 Juni

Umeme. Hili limenisumbua kuliko yote.

Nilianza na paneli moja ya wati 150 na betri ya volti 12, amp-saa 100. Vifaa vyote vya bandani, kamera mbili, antena na swichi, vinakula wati 15 hivi usiku taa za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho, wa kuonea gizani) zikiwaka. Kwa saa 24 ni kama wati-saa 360. Betri inabeba wati-saa 1,200, lakini betri ya madini ya risasi usiinywe zaidi ya nusu ukitaka idumu, kwa hiyo zangu ni 600. Kwenye karatasi nilikuwa salama. Wiki iliyopita ukungu ulikaa siku tatu bila kuondoka, na usiku wa pili saa nane kontrola ya chaji ikakata umeme kulinda betri. Mama akashuka na tochi tena.

Kosa lilikuwa langu. Fundi aliniuzia inveta, nikaipokea bila kufikiri: umeme unatoka betri volti 12, inveta inaupandisha 230, kisha adapta zinaushusha tena kurudi 12. Unageuza mara mbili ili urudi pale pale. Nilipima inveta peke yake, bila kifaa chochote, ikawa inakula wati 9. Hizo ni zaidi ya wati-saa 200 kwa siku, bure kabisa. Nimeing'oa. Kamera sasa zinakula volti 12 kutoka betri kupitia kidhibiti kidogo cha volti, na antena ina kipandishi chake cha 24.

Nimeongeza paneli ya pili ya wati 150. Zote zinatazama kaskazini, kwa sababu Tukuyu tuko nyuzi 9 kusini mwa ikweta na Juni hii jua liko upande ule. Ulalo ni nyuzi 15. 10 zingetosha kwa jua, ila mwinamo mkali kidogo unasaidia mvua kuosha vumbi na kinyesi cha ndege.

28 Juni

Saa! Nilikuwa nikiangalia mbwa aliyepita bandani saa tano usiku, tuliyemsikia wote, na rekodi inasema 04:00. Kamera ilitoka kiwandani na majira ya China, masaa matano mbele yetu. Fikiria unapeleka ushahidi polisi, wizi wa saa tano usiku umeandikwa saa kumi alfajiri. Nimeweka majira yetu, na kwa kuwa kamera hazina intaneti ya kujisahihishia saa, rekoda ndiyo inayozipa saa kila siku.

Jambo la pili sikuliwaza hata mara moja. Mama akisoma 02:15 pale juu ya picha anasoma saa mbili na robo, kama ambavyo sisi sote tungesoma. Tumekaa naye, tukakubaliana kuhesabu sita mbele. Nimembandikia karatasi kando ya televisheni: 23 ni saa tano, 02 ni saa nane, 05 ni saa kumi na moja.

12 Julai

Marekebisho madogo. Buibui wanapenda kujenga mbele ya taa za infraredi maana wadudu wanakusanyika pale, na utando ukitikisika kamera inapiga kengele. Kijana anapangusa kila Jumamosi kwa kitambaa kikavu.

Kamera ya nje ilikuwa inaona njia ya kina mama wanaopita kwenda kijitoni. Nimeweka kivuli cheusi juu ya sehemu ile ya picha, haionekani wala hairekodiwi. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata bila sheria, majirani hawakuomba kurekodiwa wakienda kuteka maji. Kijana naye nilimwonyesha kwenye televisheni kila kamera inaona wapi, kabla hajasikia kwa wengine.

Nimeweka pia ruta ya laini nyumbani, kwa ajili yangu tu. Natazama picha ndogo ya kilobiti 256, ambayo ni megabaiti 115 kwa saa, dakika tano kabla ya kulala. Bando likiisha, upande wa mama hakuna kinachobadilika.

2 Agosti

Usomaji wa antena leo: -56. Migomba imekua na bado hatujakata hata mmoja. Betri asubuhi: volti 12.5.

Jana usiku mama alimwona yule ng'ombe mwekundu anasimama na kulala, anasimama na kulala. Hakushuka. Alikaa kwenye kochi na chai, akatazama karibu saa mbili, na miguu ya mbele ilipoonekana ndipo akampigia kijana, wakashuka pamoja na taa mbili. Ndama jike. Rekodi inaonyesha 03:40, na kwenye daftari la maziwa mama ameandika kwa mkono wake: saa tisa na dakika arobaini.