Mgao wa Umeme Edmonton

Jumamosi ya tarehe 13 Januari 2024, saa 12:44 jioni, simu za jimbo zima la Alberta, Kanada, zililia kwa pamoja. Haukuwa mlio wa ujumbe wa kawaida, ni ule mkali wa dharura. Mimi nilikuwa chini, chumba cha mitambo, katika makazi ya wazee ninakoshika zamu ya usiku, kaskazini mwa jiji la Edmonton. Tangazo lilikuwa fupi: baridi kali imepandisha mno matumizi ya umeme, gridi iko hatarini, kila mtu azime visivyo vya lazima sasa hivi, la sivyo umeme utakatwa kwa zamu, eneo kwa eneo.

Nilicheka peke yangu. Mgao! Nimezaliwa Dar es Salaam, nimesomea mtihani wa kidato cha nne kwa kandili, halafu mgao unanifuata mpaka huku.

Kicheko hakikudumu. Nje baridi ilikuwa imeshapita nyuzi 40 chini ya sifuri. Jua katikati ya Januari huzama kabla ya saa 11 jioni, upepo ulikuwa umetulia, kwa hiyo paneli za jua na mitambo ya upepo haikuwa na la kuchangia. Nami nilikuwa na wazee waliolala juu yangu ghorofa kwa ghorofa, wengine wakipumulia mashine za oksijeni.

Nyumbani wanaamini nafanya kazi ya umeme, na nimechoka kuwarekebisha. Nina cheti cha daraja la nne cha kuendesha boila, mtambo wa kupasha maji yanayotia jengo joto, na mitambo mingine ya jengo. Katika jimbo hili vyeti hivyo hutolewa na ABSA, chombo kinachosimamia usalama wa boila na vyombo vya shinikizo, na madaraja yanashuka kutoka la kwanza, la wakubwa wa mitambo mikubwa, hadi la tano. Kazi yangu ni joto, maji na hewa. Ila umeme nauogopa kuliko hata wanaouuza, kwa sababu moja ambayo wakazi wa jengo lile wengi hawaijui: moto wetu ni wa gesi, lakini bila umeme gesi haiwaki. Feni inayosukuma hewa kwenye kichomeo ni ya umeme. Pampu zinazozungusha maji ya moto ni za umeme. Vali yenyewe ya gesi hushikiliwa wazi na umeme, na ukikatika tu, inajifunga. Imeundwa hivyo makusudi, na ni vizuri, lakini maana yake jengo linaanza kupoa dakika ileile.

Jenereta tunayo, ya dizeli. Inabeba taa za dharura, kengele za moto, lifti moja, boila kongwe na pampu zake. Boila kongwe hupeleka maji ya moto kwenye redieta, vyuma vya kutoa joto vyumbani. Boila mpya, inayopasha glaikoli, kimiminika kisichoganda upesi, ya mtambo wa hewa safi ya korido na ya hita za mlangoni, haimo kwenye orodha ya jenereta. Aliyechora mpango ule simjui, ningemkuta ningekuwa na maswali mawili matatu.

Nikampigia mkuu wangu, mzee wa asili ya Kiukraine aliyeanza kazi hizi kabla sijazaliwa. Nilitaka kumweleza habari za gridi, akanikatiza. "Gridi siyo yako. Dizeli iko kiasi gani?" Robo tatu ya tangi. "Hita ya injini ya jenereta ina moto?" Nikaweka kiganja ubavuni mwa injini: ina moto. "Haya, sasa zima nguo na magari."

Nguo ni mashine za kufulia na kukaushia, hizo hazina mjadala. Magari ndiyo yalinitoa jasho. Huku nafasi nyingi za maegesho zina soketi, kwa kuwa gari lililolala nje kwenye baridi ile bila kuchomekwa umeme wa kupasha injini, asubuhi haliwaki. Soketi moja si kitu, lakini maegesho mazima ni mzigo mkubwa kuliko taa zote za korido. Na nikizima moja kwa moja, wauguzi wanaotoka saa 5 usiku watakwama. Basi nikafanya kama wanavyofanya kwetu: nikagawa. Upande wa mashariki nusu saa, upande wa magharibi nusu saa, nikigeuza breka, swichi kubwa za umeme, kwa mkono. Muuguzi mmoja alinipigia kuuliza kwa nini gari lake halina umeme na la mwenzake linao. Nilimjibu ratiba ipo, avumilie. Sikutegemea hata siku moja kwamba sentensi ile itatoka mdomoni mwangu.

Wakati nazunguka na breka, boila mpya ikajifunga. Kioo chake kidogo kikawa chekundu, namba ya kosa ikatokea, feni ikalia mpaka ikanyamaza.

Mlinzi wa usiku, kijana wa Bukavu, Kongo, alikuwa amenifuata chini kutafuta joto. "Yaya, bonyezako tu ile kitufe," akaniambia (yaya kwao ni kaka mkubwa), kwa maana alishawahi kuona mtu akibonyeza na boila ikawaka. Kitufe kipo, kimeandikwa wazi, na mtoto anaweza kukifikia. Ndiyo hatari yake. Boila inapojifunga huwa imekataa kitu fulani, na ukiilazimisha bila kujua imekataa nini, unaweza kuwa unajaza gesi mahali pasipostahili. Nilimwambia tusubiri kwanza, nikafungua kitabu cha maelekezo cha boila.

Kosa lilikuwa la bomba la kutolea maji machafu ya boila. Boila za kisasa hupoza moshi hadi mvuke uliomo ugeuke maji, na joto linalotoka hapo ndilo faida yake. Maji hayo yana tindikali, kwa hiyo hupitishwa kwanza kwenye chombo chenye kokoto za chokaa, kisha yanaelekea mferejini. Yasipotoka, yanarudi nyuma kuingia ndani ya boila, na kuna swichi inayoizima kabla hayajafika kwenye moto. Swali likawa: yamekwama wapi?

Nikafuata bomba kwa vidole. Lilikuwa la uvuguvugu karibu na boila, la uvuguvugu baada ya kokoto, halafu ghafla, karibu na sakafu, gumu na jeupe kwa barafu. Hapo ndipo linapopita mbele ya tundu la hewa ya kulisha moto wa boila, tundu kubwa lenye wavu ambalo huingiza hewa ya nje chumbani saa zote. Aliyelipitisha pale bila shaka alifanya kazi hiyo mwezi wa Julai.

Kijana akapata wazo kabla yangu. Akaokota boksi la karatasi, akalikunjua. "Tuzibeko hii kitundu, yaya. Baridi itatuua."

Kama kuna jambo moja ningependa kila mlinzi, kila msafishaji na kila mwenye nyumba ajue, ni tundu lile. Mita moja ya ujazo ya gesi huhitaji karibu mita 10 za hewa ili iungue sawasawa. Boila kongwe ilikuwa inakula gesi kwa nguvu zake zote usiku ule. Ziba tundu, moto unakosa hewa, unaanza kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na hao wanaolala juu hawataamka kuja kulalamika. Nilimnyang'anya boksi, labda kwa ukali kuliko ilivyohitajika. Nikamwonyesha king'amuzi cha gesi hiyo ukutani na kumweleza kinasubiri nini. Alikitazama muda mrefu. Baadaye nilimsikia kwenye simu akimweleza mwenzake wa jengo jirani habari hizohizo, kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza vikiwa vimechanganyika.

Bomba ni la plastiki, kwa hiyo moto haufai, na kusubiri liyeyuke lenyewe hakufai pia: glaikoli ilikuwa inapoa, na juu ya mlango mkuu kuna mabomba ya maji ya kuzimia moto. Yakiganda yanapasuka, na yakipasuka ni gharika ukumbini. Nilifungua kiungio kabla ya sehemu iliyoganda, nikakinga ndoo. Maji yaliyobanwa yakatoka kwa kishindo, yakajaza ndoo karibu nusu. Nikangoja mpaka yakawa matone. Ndipo nikabonyeza kitufe, mara moja. Feni ikasafisha chumba cha moto kwanza, kama inavyotakiwa, cheche ikalia, mwale ukashika. Nikakaa na ile ndoo, nikiimwaga kila ilipokaribia kujaa, na nikigeuza breka za magari katikati.

Tangazo la dharura liliondolewa usiku uleule bila umeme kukatwa. Waendeshaji wa gridi walisema ndani ya dakika chache tu baada ya simu kulia matumizi yalishuka megawati 150, yakaendelea hadi 200. Napenda kuamini kwamba soketi zetu za magharibi zimo humo.

Katikati ya kumwaga ndoo nilimtumia dada yangu picha ya lile tangazo. Dar ilikuwa alfajiri na huko nako ulikuwa ni msimu wa mgao, ameamka kuswali gizani. Akanipigia akicheka.

"Kaka, pole. Umekatika tangu saa ngapi?"

"Haujakatika."

"Sasa mgao gani huo?"

Nikaanza kumweleza habari za soketi na mashariki na magharibi. Akanisikiliza kidogo, kisha akasema simu yake imebaki na chaji ya asilimia nne, na akakata.