Waya mmoja umelaza nyumba nzima 😂

Jana intaneti ya kwa dada imekufa ghafla, ye keshapiga simu kwa watoa huduma kawafokea weee, me nafika nakuta kale kaswichi ka bei chee nyuma ya tivii (kiboksi cha kuunganisha vifaa vya mtandao kwa waya) taa zote zinawaka na kuzima kwa pamoja kama za disko, nikajua tu hapa tatizo sio laini. Kumbe kuna mtu alikuwa anafagia, kaona waya unaning'inia, akauchomeka kwenye tundu lililokuwa wazi, wakati ncha ya pili iko kwenye swichi hiyohiyo!

Sasa kilichotokea, kompyuta ikiuliza "nani mwenye anwani hii?" swali linaenda kwa wote, swichi inalitoa kila tundu isipokuwa lilikoingilia, linapita kwenye ule waya linarudi ndani, linatolewa tena, na tena, mpaka hata printa ya humohumo ndani haionekani. Pakiti za IP (vifurushi vya data vya intaneti) angalau zina kikomo cha kuruka, zikizunguka sana zinatupwa, ila fremu za Etheneti, yaani bahasha zinazobeba data kwenye waya za humo ndani, hazina hicho kitu, zitazunguka mpaka uchomoe.

Na dawa ipo toka 1985, mtaalamu wa kompyuta Radia Perlman alibuni Spanning Tree, swichi zinaambizana zenyewe na kuifunga njia inayojirudia, ila hivi vya bei chee vingi havina hiyo.

Nimechomoa tu, simu ya dada ikaanza kulia meseji mfululizo. Haijapita muda watoa huduma nao hao wanapiga, "mama tumesharekebisha huku kwetu" 😅